Somo: Kuchora mti mkubwa kwa vipande, kwa njia ya David Hockney

Wengi mmeuliza mtu anachoraje mandhari kubwa akiwa nje, bila ukuta wala ngazi. Mimi naipenda njia ya David Hockney, Mwingereza aliyezaliwa Bradford mwaka 1937. Mwaka 2007 alichora miti ya karibu na kijiji cha Warter, Yorkshire, kwenye turubai 50 (vitambaa vya kuchorea vilivyowambwa kwenye fremu): safu 5, kila safu turubai 10. Zikiunganishwa zinafika kama mita 4.5 kwenda juu na mita 12 kwa upana. Mwaka uliofuata aliitoa zawadi kwa Tate, jumba la sanaa la Uingereza.

1. Chagua majira kwanza. Hockney aliwahi kabla majani hayajachipua, maana mti mtupu hauna pa kuficha tawi. Kwetu tafuta mbuyu wa kiangazi. Mwembe uache.

2. Chora rasimu ndogo ya penseli, ipige miraba, kila mraba turubai moja. Turubai 6 za saizi moja zinatosha kuanzia. Nyuma ya kila moja andika namba na mshale wa juu.

3. Chorea pale pale penye mti, turubai mbili jirani kwa wakati mmoja. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: kila kipande kinafanywa picha kamili, na tawi linaishia ukingoni kwa adabu. Likatike! Livushe kutoka turubai moja hadi ya pili bila kuinua brashi, ndipo uzitenganishe. Rangi ya anga ichanganye mara moja, itoshe vipande vyote vya juu, la sivyo utapata viraka.

4. Piga picha kila kipande, uviunganishe kwenye simu. Hockney naye alitumia kompyuta hivyo kuiona kazi nzima. Kinachochekesha ni kwamba jina refu la kazi ile linatangaza zama za baada ya fotografia! Ila kamera ilimwonyesha alichochora, haikumchorea.

Swali: Rangi ya mafuta haikauki upesi. Narudije nazo nyumbani?
Jibu: Bandika vipande vya kizibo kwenye pembe nne za turubai, zikutanishe mbili mbili uso kwa uso, funga kamba.

Swali: Tableti je?
Jibu: Hockney mwenyewe alichora Woldgate, barabara ya huko huko Yorkshire, kwa iPad mwaka 2011. Kwa zoezi hili, hapana. Kwenye kioo hakuna ukingo wa kuvuka.

Swali: Nilianza asubuhi, jioni vivuli vimehamia upande mwingine. Nivifuate?
Jibu: Usivifuate. Funga vitu, urudi kesho saa ile ile.