Kuchagua programu ya kupandanisha na kuchakata picha za anga la usiku

Anayeanza kupiga picha za nyota hukimbilia kuuliza ni programu ipi iliyo bora, ilhali swali linalopaswa kutangulia ni hili: amepiga picha ya nini? Programu inayomfaa aliyepiga nebula ya Orion (nebula ni wingu la gesi na vumbi angani) kwa kamera iliyofungwa kwenye darubini haimfai aliyerekodi video ya sayari ya Mshtarii, na zote mbili zitamsumbua bure aliyepiga Njia Nyeupe ikiwa imesimama juu ya kilele cha mlima.

Picha moja ya anga, hata ikipigwa kwa uangalifu, hujaa chenga, yaani vidoadoa visivyo sehemu ya anga, kwa sababu mwanga unaoifikia kamera ni haba. Chenga hizo huhama ovyo kutoka picha moja hadi nyingine, lakini nyota na nebula hubaki pale pale. Kwa hiyo programu inapozipandanisha picha nyingi, nyota juu ya nyota, na kutafuta wastani wake, chenga hufifia na umbo husalia. Faida hiyo hufuata kipeuo cha pili cha idadi ya picha: picha 16 hupunguza chenga hadi robo, na ili zifike sehemu ya kumi zinahitajika 100. Hakuna programu itakayofidia uchache wa picha, na hilo ni vyema kulijua kabla ya kutoa fedha.

Kwa nebula, galaksi na makundi ya nyota kama Kilimia, programu mbili za bure hutajwa sana: DeepSkyStacker na Siril. DeepSkyStacker, ambayo watumiaji wa Windows wameizoea kwa miaka mingi, hupandanisha vizuri, ila kazi ya rangi na mwanga humlazimu mtu kuihamishia kwingine, kwa mfano GIMP, programu ya kuhariri picha. Siril hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, nayo humchukua mtu tangu picha ghafi hadi picha iliyokamilika. Kwa maoni yangu anayeanza aichague Siril, ingawa siku ya kwanza sura yake hutisha kidogo.

Urahisi wa Siril umo katika skripti zake, yaani orodha za amri ambazo programu huzitekeleza yenyewe. Unatengeneza folda nne ambazo majina yake hayabadilishwi: «lights» kwa picha za anga lenyewe, «darks» kwa picha zilizopigwa lenzi ikiwa imefunikwa, kwa muda na ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) zile zile, «flats» kwa picha za uso ulioangazwa sawasawa, zinazofichua vumbi na giza la pembeni, na «biases» kwa picha za muda mfupi kabisa, lenzi ikiwa imefunikwa pia. Kisha unaielekeza programu kwenye folda kuu na kuanzisha skripti. Mimi nilipoteza jioni nzima kwa kuandika «flat» bila herufi ya mwisho, na skripti ikakwama kila nilipoianzisha. Asiye na aina mojawapo ya picha za usahihishaji, yaani «darks», «flats» au «biases», atumie skripti iliyoandaliwa bila aina hiyo.

Kazi ikiisha, picha itakayofunguka itakuwa karibu nyeusi tupu, na wengi hapo hudhani wameharibu. Hawajaharibu: mwanga wa nebula umebanwa kwenye pembe ya giza. Badilisha namna ya kuonyesha iwe «AutoStretch» na nebula itajitokeza, lakini kumbuka kwamba huko ni kuitazama tu. Faili halijabadilika mpaka utakapoukunjua mwanga wenyewe kwa zana za programu.

Kompyuta nayo ina neno lake. Picha ya megapikseli 24 ikifunguliwa katika rangi tatu kwa biti 32 huchukua takriban megabaiti 288, kwa hiyo picha 100 hula karibu gigabaiti 29, na kila hatua huweza kuacha nakala nyingine ya ukubwa kama huo. Diski ikiwa ndogo, chagua biti 16 katika mipangilio na ufute mafaili ya katikati baada ya kazi.

Sayari zina utaratibu mwingine kabisa. Hapo hurekodiwa video fupi, kwa kuwa Mshtarii hujizungusha kwa muda usiofika saa 10 na alama zake husogea upesi. Kisha AutoStakkert huchambua maelfu ya fremu na kubakiza zile ambazo hewa ilikuwa imetulia. Kwa anga lililo pamoja na ardhi, Sequator kwenye Windows na Starry Landscape Stacker kwenye macOS hutenganisha viwili hivyo, ili milima isivutike pale nyota zinapolinganishwa.

Taa za mji zikiwa zimeacha utandu wa mwanga upande mmoja wa picha, programu ya GraXpert huuondoa bila malipo. PixInsight, programu nyingine ya kuchakata picha za anga, ina uwezo mkubwa, lakini ni ya kulipia na kuijua huchukua miezi. Wenyewe hutoa siku 45 za majaribio, nami nashauri usiziombe mpaka uwe na picha za kutosha kwenye diski, kwa kuwa siku hizo huhesabiwa hata anga likiwa limefunikwa na mawingu.