Jinsi ya kufuatilia asili ya gesi kwa heli, neoni na arigoni

Methani hubadilika njiani ikipanda kutoka ardhini: vijidudu huila, joto huipika, nayo huchanganyika na methani nyingine. Gesi adimu kama heli, neoni na arigoni haziungani na kitu chochote, kwa hiyo zinabaki na alama ya zilikotoka hata baada ya mamilioni ya miaka. Mwongozo huu ni wa kupima gesi inayobubujika kwenye chemchemi ya maji moto, kama zile za Bonde la Rukwa.

Hatua ya 1: Chukua sampuli bila hewa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Usitumie chupa ya plastiki wala ya kioo cha kawaida, kwa sababu heli hupenya. Tumia mrija wa shaba wenye vibano viwili vya chuma. Zamisha faneli yote majini, igeuze juu ya mapovu, unganisha mpira, kisha mrija, kisha mpira mwingine wa kutokea. Mwisho wa mpira huo wa kutokea uwe chini ya maji, hewa isirudi ndani. Acha gesi ipite hadi isukume nje hewa yote iliyokuwemo. Usiwe na haraka. Mapovu yakiwa machache, subiri zaidi. Kaza kwanza kibano cha upande wa kutokea, halafu cha upande wa kuingilia, mpaka shaba ibanane kabisa. Chukua sampuli mbili kila mahali.

Kabla ya kuinama kwenye shimo lolote karibu na volkano, pima kaboni dayoksaidi. Watu wa Goma wanayajua mazuku: gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutuama mabondeni na huua.

Hatua ya 2: Omba vipimo vinavyokamilishana. Maabara ikupe uwiano wa heli-3 kwa heli-4, heli-4 kwa neoni-20, na arigoni-40 kwa arigoni-36. Namba hizo hutaja isotopi, yaani aina za elementi moja zinazotofautiana kwa uzito. Ongeza viwango vya gesi zote, na isotopi za kaboni za methani na za kaboni dayoksaidi. Bila kaboni, utajua heli imetoka wapi, lakini methani itabaki fumbo.

Hatua ya 3: Toa mchango wa hewa. Uwiano wa heli-3 kwa heli-4 hewani ni takriban 1.4 kwa milioni. Tunauita Ra, na R ni uwiano wa sampuli uliogawanywa kwa Ra. Neoni-20 karibu yote hutoka hewani, moja kwa moja au kupitia maji ya mvua. Gawanya heli-4/neoni-20 ya sampuli kwa 0.318, ambao ni uwiano huo hewani, upate X. Kisha tafuta Rc, yaani R baada ya kutoa hewa:

Rc = (R × X − 1) ÷ (X − 1)

Tuseme R ni 0.20 na X ni 100: Rc inakuwa 0.19, haikusogea sana. Sasa chukua R ya 0.60 na X ya 2: Rc ni 0.20. Majibu yanafanana, ila kwenye sampuli ya pili nusu ya heli ni hewa, na kosa la upimaji wa R linaongezeka maradufu. Mimi siitumii sampuli ya namna hiyo. Rudi ukachukue nyingine.

Hatua ya 4: Soma Rc. Heli ya ganda la Dunia, inayozaliwa pale elementi zenye mionzi, urani na thori, zinapovunjika, ina karibu 0.02 Ra. Ya koti la Dunia, yaani tabaka lililo chini ya ganda, inayopimwa kwenye migongo ya milima ya chini ya bahari, ina karibu 8 Ra. Kwa Rc ya 0.19, mchango wa koti ni kama asilimia 2 ya heli. Ni ya heli tu! Usiandike kwamba asilimia 2 ya methani imetoka kwenye koti.

Hatua ya 5: Unganisha na gesi kuu. Gawanya kaboni dayoksaidi kwa heli-3. Ukipata bilioni 1 hadi 10, koti linawezekana. Ukipata zaidi sana, tafuta chanzo kingine cha kaboni: chokaa au mabaki ya viumbe. Gesi ya Rukwa ni nitrojeni hasa, na heli yake katika baadhi ya sampuli imefika karibu asilimia 10. Heli hiyo ilikusanyika ndani ya miamba ya kale, na joto la Bonde la Ufa ndilo linaloaminika kuifungua.

Ziwa Kivu linaonyesha kwa nini hatua hii haikwepeki. Kaboni dayoksaidi ya vilindi vyake ina asili ya volkano, lakini methani imetengenezwa na vijidudu, sehemu yake kutokana na kaboni hiyohiyo. Kwa hiyo kwenye ripoti andika mistari miwili tofauti: kaboni ilitoka wapi, na methani ilitengenezwa na nini.