Jinsi ya kuomba viza ya Japani kwa ajili ya tamasha la Fuji Rock

Fuji Rock hufanyika wikiendi ya mwisho ya Julai, Ijumaa hadi Jumapili, na shabiki wa roki anayeishi Dar es Salaam, Nairobi au Kampala hakwami kwenye nauli peke yake. Anakwama kwenye karatasi. Mtanzania, Mkenya na Mganda wote wanatakiwa kuwa na viza kabla ya kupanda ndege, na viza hiyo haitolewi uwanja wa ndege wa Japani. Utaratibu wenyewe hauna mizengwe. Maombi yaliyokamilika na yasiyo na utata kwa kawaida hujibiwa ndani ya siku tano za kazi tangu yapokelewe. Kinachowaangusha wengi ni karatasi zao wenyewe kupingana: fomu inasema hivi, ratiba inasema vile, na barua ya mwajiri inataja siku nyingine kabisa.

Mwongozo huu unamhusu mtu anayekwenda kusikiliza muziki kwa gharama zake. Ukialikwa kupiga muziki jukwaani kwa malipo, au ukitaka kwenda kuuza chakula au kufanya kazi yoyote tamashani, viza ya utalii haikuruhusu. Hiyo ni njia nyingine, na huanzia kwa aliyekualika huko Japani.

Jua kwanza tamasha liko wapi

Tamasha la kwanza, mwaka 1997, lilifanyika kweli chini ya Mlima Fuji. Kimbunga kikalipiga siku ya kwanza na siku ya pili ikafutwa. Mwaka 1998 likapelekwa Toyosu, Tokyo, na tangu 1999 makazi yake ni Naeba, eneo la milimani linalotumika kwa michezo ya theluji wakati wa baridi, katika mji wa Yuzawa, mkoa wa Niigata. Jina likabaki, mlima ukaachwa mbali.

Naanza na hili kwa sababu linagusa maombi yako moja kwa moja. Mtu anaandika kwamba anakwenda Fuji Rock, halafu anaweka nafasi ya hoteli pembeni ya Mlima Fuji kwa siku zote tatu. Ofisa anayesoma anajua kwamba kutoka hapo huwezi kwenda Naeba na kurudi kila usiku. Hajakutana na wewe, hajui jinsi unavyoipenda bendi yako. Anaona tu safari isiyowezekana.

Panga miezi

Viza ya kuingia mara moja hudumu miezi mitatu tangu siku inapotolewa. Kwa hiyo ukiomba Machi kwa safari ya mwishoni mwa Julai, itakufa kabla hujafunga begi. Wakati mzuri ni kati ya katikati ya Mei na katikati ya Juni. Hapo unabaki na nafasi ya kutosha endapo ubalozi utataka karatasi ya ziada au utakuita kwa mahojiano, na nafasi hiyo utaihitaji, kwa sababu wakati mwingine maombi hupelekwa Tokyo kuangaliwa na siku tano zinageuka kuwa wiki kadhaa.

Tiketi za tamasha zina kalenda yake. Huanza kuuzwa miezi mingi kabla, kwa awamu, na awamu za mwanzo ndizo nafuu. Orodha ya wasanii hutangazwa kidogo kidogo. Tiketi ya siku tatu siku hizi iko zaidi ya yen 50,000, na tiketi ya kupiga hema kambini hununuliwa peke yake. Nunua kupitia tovuti rasmi ya tamasha, ambayo ina kurasa za Kiingereza na maelezo kwa wanunuzi wa nje ya Japani. Usinunue kwa mtu uliyekutana naye mtandaoni, hata akikuonyesha picha ya tiketi.

Je, ununue kabla ya viza au baada? Ushauri wangu ni huu: tiketi ya tamasha nunua kabla, ya ndege usilipe. Risiti ya tamasha ndiyo sababu ya safari yako, na inaipa barua yako uzito ambao maneno matupu hayana. Ndege inatosha kuweka nafasi tu, karatasi inayoonyesha tarehe, namba za ndege na jina lako, kwa sababu ubalozi hauhitaji uwe umekwisha kulipa. Kama fedha ya tiketi ya tamasha ingekuumiza sana ukinyimwa viza, basi subiri, ila ujue kwamba nafasi za kambi huwahi kwisha.

Karatasi za kukusanya

Pakua fomu na orodha ya vielelezo kutoka tovuti ya ubalozi wa Japani wa nchi unayoishi. Balozi hizo ziko Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Kigali na Kinshasa, na kila moja ina orodha yake inayotofautiana kidogo na za wenzake. Fuata ya kwako, usifuate ya rafiki yako wa nchi jirani.

Kwa ujumla utahitaji pasipoti iliyo hai yenye kurasa tupu, fomu iliyojazwa na kutiwa saini ileile iliyo kwenye pasipoti, picha ya pasipoti ya milimita 45 kwa 35 iliyopigwa karibuni, nafasi ya ndege, nafasi za malazi, ratiba ya siku kwa siku, taarifa ya akaunti ya benki, na uthibitisho wa kazi au masomo. Mwajiriwa anapeleka barua ya mwajiri inayotaja cheo, mshahara, tarehe aliyoanza kazi na siku za likizo alizopewa. Mfanyabiashara anapeleka leseni na cheti cha usajili. Mwanafunzi anapeleka barua ya chuo. Karatasi iliyo kwa Kiswahili itafsiriwe kwa Kiingereza na nakala ya asili iambatanishwe.

Kuhusu benki, ofisa anataka kuona maisha yako ya kawaida: mshahara unaingia, kodi ya nyumba inatoka, akiba inapanda polepole. Milioni kadhaa zilizoingia kwa mkupuo wiki moja kabla ya maombi zinazua maswali kuliko salio dogo lenye historia. Kama kweli kuna fedha iliyoingia mara moja, labda umeuza kiwanja au umepokea mchezo wa upatu, eleza kwa barua fupi na uweke ushahidi. Kama shangazi au kaka ndiye anayekulipia, sema hivyo waziwazi, weka taarifa ya benki yake, barua yake ya kukubali kugharamia, na vyeti vinavyoonyesha undugu wenu.

Ratiba ndiyo roho ya maombi

Hapa ndipo shabiki wa tamasha anapotofautiana na mtalii wa kawaida, maana usiku kadhaa hatalala hotelini. Karatasi ya ratiba ina safu nne: tarehe, shughuli, mawasiliano, malazi. Jaza kila siku mstari wake, bila kuruka hata moja.

Tuchukue mfano wa mwaka 2025, tamasha lilipofanyika tarehe 25 hadi 27 Julai. Mstari wa kwanza ni wa tarehe 22: kuwasili uwanja wa ndege wa Narita, namba ya ndege, kisha jina la hoteli ya Tokyo, anwani yake na simu yake. Tarehe 23, kutembea Tokyo, hoteli ileile. Tarehe 24, treni ya mwendokasi ya Joetsu Shinkansen kutoka Tokyo hadi stesheni ya Echigo-Yuzawa, basi hadi Naeba, malazi ni kambi ya tamasha, Naeba, 202 Mikuni, Yuzawa-machi, Niigata. Tarehe 25, 26 na 27, kuhudhuria tamasha, malazi yaleyale. Tarehe 28, kurudi Tokyo, na hoteli unayoitaja iwe ndiyo uliyoweka nafasi. Tarehe 29, kuondoka, na namba ya ndege tena.

Ambatanisha risiti ya kambi kama uthibitisho wa malazi ya siku hizo. Kwenye fomu yenyewe, penye pengo la hoteli, andika ile ya kwanza ya Tokyo. Penye sababu ya safari andika utalii, kisha uandike barua ya ukurasa mmoja kueleza tamasha: ni lipi, lini, wapi, una tiketi ya siku ngapi, nani atakulipia na kwa nini lazima urudi nyumbani. Taja hata bendi unayoifuata. Ni kweli, na ukweli wenye jina na tarehe unasomeka vizuri.

Ukishamaliza, tandaza karatasi zote mezani na upitie tarehe moja baada ya nyingine. Likizo iliyo kwenye barua ya mwajiri ianze siku ya kuondoka kwako na imalizike baada ya kurudi. Ndege ziendane na ratiba. Jina liandikwe kila mahali kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Kazi hii ya nusu saa ina faida kuliko barua ndefu ya kuomba huruma.

Siku ya kupeleka

Angalia saa za kupokea maombi na kama unatakiwa kuweka miadi. Nenda mwenyewe. Dirishani utaulizwa maswali machache: unakwenda kufanya nini, na nani, umepataje fedha. Jibu kwa kifupi. Ukiitwa tena kuleta karatasi, ipeleke mapema, kwa kuwa maombi yanakusubiri wewe.

Ada, kwa wanaotakiwa kuilipa, hutozwa viza inapotolewa, na ukinyimwa hulipi. Kiasi cha sasa uliza ubalozini. Ukinyimwa, kwa kawaida hutaelezwa sababu mahususi, na huwezi kuomba tena kwa sababu ileile ya safari ndani ya miezi sita. Ndiyo maana nimesisitiza kukagua kabla: kwa tamasha la Julai, nafasi ni moja tu mwaka huo.

Ukipata viza, isome papo hapo dirishani: jina, namba ya pasipoti, mwisho wa matumizi, siku unazoruhusiwa kukaa.

Kwa wenzetu wanaoishi ughaibuni kihalali, mfano Uingereza, Marekani au Kanada, kuna viza ya kielektroniki inayoombwa mtandaoni. Vielelezo ni vilevile. Angalizo moja: ukiwa uwanja wa ndege utatakiwa kuifungua kwenye simu ikiwa na intaneti. Picha ya skrini au karatasi iliyochapwa haikubaliki.

Baada ya viza

Lipa ndege sasa. Kisha fungua akaunti kwenye Visit Japan Web, tovuti ya serikali ya Japani kwa wageni wanaoingia, jaza taarifa za uhamiaji na forodha, na utapewa msimbo wa kuonyesha ukifika. Utachukuliwa alama za vidole na picha. Usibebe nyama kavu wala matunda. Dawa za hospitali zibebe na cheti cha daktari, zisizidi matumizi ya mwezi mmoja. Dawa zenye kodeini nyingi, na baadhi ya dawa za mafua zenye pseudoefedrini, zina masharti makali, na zenye amfetamini zimepigwa marufuku hata kama umeandikiwa na daktari. Bangi hata kidogo ni jela.

Usikimbilie pasi ya treni ya nchi nzima. Oktoba 2023 ya siku saba ilipandishwa hadi yen 50,000, wakati Tokyo hadi Echigo-Yuzawa ni kama yen 6,000 hadi 7,000 kwa upande mmoja, safari ya saa moja na nusu hivi. Stesheni ya Echigo-Yuzawa utapanda basi la tamasha, na foleni yake Ijumaa asubuhi ni ndefu. Fika Alhamisi ukiweza: jioni hiyo kuna sherehe ya ufunguzi isiyo na kiingilio, yenye ngoma ya kiasili ya Bon Odori na fataki, na utapata sehemu nzuri ya kupiga hema. Uwanja wa kambi una miteremko, wanaochelewa hulala wakiteleza.

Getini tiketi hubadilishwa kuwa mkanda wa mkononi. Uache uvaliwe vizuri na usiuvue hadi uondoke, kwa maana ukipotea hupewi mwingine. Mvua ya Naeba haina miadi. Chukua koti la mvua na gambuti, mwavuli acha, hauruhusiwi mbele ya majukwaa. Mchana ni joto, usiku baridi inashuka, na kutoka jukwaa la Green hadi jukwaa la Field of Heaven ni mwendo mrefu wa miguu msituni. Taka zinatenganishwa kwa aina kwenye vituo vyenye vijana wa kujitolea wanaokuelekeza. Waheshimu, wanajivunia kazi hiyo na wana haki.

Pasipoti nayo usiiache hemani. Sheria ya Japani inamtaka mgeni mwenye umri wa miaka 16 na zaidi atembee nayo wakati wote, kwa hiyo iweke kwenye kifuko kisichopitisha maji, ndani ya koti, pamoja na nakala ya tiketi yako ya kurudi.