Tomu zisilie kama debe

Ukirekodi tomu (ngoma za seti ya drams zenye ngozi juu na chini), kabla hujagusa ikwalaiza (kifaa cha kupunguza au kuongeza masafa ya sauti), kaza ngozi. Gonga karibu na kila skrubu mpaka sauti zilingane. Ngozi ya chini mimi huikaza zaidi kidogo kuliko ya juu. Tomu mbovu chumbani haiponi kwenye kompyuta.

Maikrofoni iwe vidole vitatu hivi juu ya ukingo, ikitazama katikati ya ngozi. Geuza fezi yake (wimbi la sauti lipinduliwe, juu iwe chini) ukisikiliza pamoja na maikrofoni zilizo juu ya seti nzima, uchague upande wenye besi nzito.

Kwenye miksi, punguza kati ya 300 na 500 Hz, udebe hukaa hapo. Ongeza kidogo karibu na 4 kHz, kijiti kisikike.

Geti (kifaa kinachozima sauti ikishuka chini ya kiwango fulani) siipendi, hukata mkia wa sauti. Mimi hufuta kwa mkono sehemu ambazo tomu haikupigwa, nikiuacha mlio ufifie wenyewe. Kazi ya kuchosha, lakini sauti ya matoazi haivuji tena kwenye sehemu hizo.