Mambo ya Kuzingatia Kabla Programu ya Kamera ya Nyumbani Haijagoma

Wengi huanza kuichunguza programu ya kamera ya nyumbani siku ile inapogoma, wakati mwenyewe yuko mbali, picha haifunguki, na vidole vinakimbilia kuifuta na kuipakua upya. Sehemu kubwa ya matengenezo inapaswa iwe imekwisha kufanyika kabla ya siku hiyo, kamera ikiwa nzima na akili ikiwa imetulia.

Piga picha ya lebo iliyobandikwa kwenye kamera, yenye namba ya utambulisho na msimbo wa QR, kabla kamera haijafungwa ukutani, kwa kuwa mara nyingi lebo hiyo hukaa upande wa chini au wa nyuma, na ikishafungwa huisomi tena bila ngazi na bisibisi. Hifadhi risiti. Andika jina la mtandao wa waifai na nywila yake mahali pengine pasipokuwa simu hiyohiyo.

Kamera nyingi za nyumbani hutumia masafa ya gigahezi 2.4 pekee na haziuoni kabisa mtandao wa gigahezi 5. Unapobadilisha ruta, ipe ruta mpya jina lilelile la mtandao, nywila ileile na aina ileile ya ulinzi, na kwa kawaida kamera zitarudi zenyewe bila mtu kupanda popote. Kamera za zamani aghalabu haziielewi WPA3, yaani aina mpya ya ulinzi wa waifai, hivyo acha WPA2, iliyoitangulia, iendelee kuruhusiwa. Kuhusu umeme, tumia adapta iliyokuja na kamera na usiiunganishe kwa kebo ndefu nyembamba. Kamera inayofanya kazi mchana na kupotea usiku usiilaumu programu kwanza, kwani taa zake za kuonea gizani zinapowaka hula umeme zaidi, na adapta dhaifu hushindwa hapo.

Sasa nifike kwenye jambo linalopuuzwa kuliko yote, nalo ni akaunti: imesajiliwa kwa nani? Shemeji yangu alifungiwa kamera na fundi aliyefanya kazi safi. Nyaya zilinyooka, picha ilikuwa angavu, na fundi akamwekea programu kwenye simu, akaifungua, akamkabidhi. Hakuna aliyeuliza ni barua pepe ya nani iliyotumika, kwa sababu programu ilibaki wazi muda wote na haikudai nywila. Ikaja kusasishwa, ikamtoa nje, ikataka nambari ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe mfupi, na ujumbe huo ukawa unakwenda kwenye laini ya fundi ambayo haikuwa ikipatikana tena. Shemeji akafanya ambalo wengi wangelifanya: akabonyeza kitufe cha kuirudisha kamera katika hali ya kiwandani, akafungua akaunti yake mwenyewe, akajaribu kuiongeza. Programu ikamjibu kwamba kifaa hicho tayari ni cha akaunti nyingine.

Kitufe kile hufuta yaliyomo ndani ya kamera, kama vile mtandao na mipangilio ya saa, lakini katika kamera za aina hiyo umiliki umeandikwa kwenye seva za kampuni, ambako kitufe hakifiki. Ulinzi huo uliwekwa kwa nia njema, ili aliyeiba kamera asiweze kuifanya yake. Tatizo ni kwamba mbele ya mfumo huo mwenye nyumba asiye na akaunti na mwizi wanafanana. Kampuni ilitaka picha ya lebo na risiti. Lebo ilikuwa imeelekea ukutani, risiti alikuwa nayo fundi, na barua pepe zikaenda na kurudi kwa wiki kadhaa kabla kamera haijaachiliwa. Kibaya zaidi, ambacho shemeji hakukifikiria hadi mwisho, ni kwamba kwa muda wote kamera ilipokuwa ikifanya kazi vizuri, yeyote aliyeishika akaunti ile angeweza kutazama sebule yake bila kupiga hodi. Hata laini ya simu iliyoachwa si salama, kwa kuwa makampuni ya simu huirudisha sokoni na kumpa mtu mwingine.

Kwa hiyo sajili akaunti wewe mwenyewe, kwa barua pepe yako na laini yako, fundi akiwa amesimama pembeni. Ikiwa kamera imekwisha kufungwa, ingia kwenye mipangilio yake leo uone kama wewe ni mmiliki au umeshirikishwa tu. Aliyeshirikishwa huona picha, lakini kwa kawaida hana uwezo wa kubadili mipangilio wala kuisasisha kamera. Mwombe mmiliki aiondoe kwenye akaunti yake ili uiongeze kwenye yako. Unayenunua kamera iliyotumika, hakikisha muuzaji ameiondoa mbele ya macho yako kabla hujalipa. Kisha mshirikishe mtu mmoja wa nyumbani kwa akaunti yake mwenyewe, maana simu ya pili ndiyo kipimo cha kwanza cha kujua tatizo liko wapi.

Kadi ya kumbukumbu huchakaa kwa sababu inaandikwa, inafutwa na kuandikwa tena usiku na mchana, na inaweza kufa huku picha ya moja kwa moja ikiendelea kuonekana vizuri. Nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya kurekodi mfululizo, na uwe na desturi ya kufungua rekodi ya jana, si ya sasa hivi tu. Kabla ya kubonyeza kitufe chochote, toa kadi uiweke kando. Ukiichomeka kwenye kompyuta ikakwambia kadi inahitaji kufomatiwa, kataa, kwani baadhi ya kamera huandika kwa mpangilio wao au husimba rekodi, na kompyuta kushindwa kuisoma hakumaanishi kwamba kadi ni tupu.

Simu nayo ina vikwazo vyake. Tangu iOS 14 ya mwaka 2020, iPhone huuliza kama programu inaruhusiwa kuvifikia vifaa vilivyo kwenye mtandao wa nyumbani, na aliyebonyeza kukataa kwa haraka husumbuka baadaye asijue sababu. Simu za Android hupenda kuzilaza programu ili kuokoa betri; picha ikifunguka lakini arifa haziji, tazama hapo kwanza.

Programu ikigoma licha ya haya yote, nenda kwa utaratibu. Ikiwa kamera moja imepotea na nyingine zipo, tatizo ni la kamera hiyo, umeme wake au mawimbi yanayoifikia. Zikipotea zote kwa pamoja, tazama kama intaneti ya nyumbani ipo. Kama ipo, jaribu simu ya pili. Ya pili ikifungua, shida ni ya simu yako au akaunti yako. Isipofungua, huenda seva za kampuni zimelala, na hapo kazi yako ni kusubiri bila kugusa kitu. Kufuta programu kuje karibu na mwisho, ukiwa na hakika kwamba unaikumbuka nywila. Kitufe cha kiwandani kije mwisho kabisa.

Kuna na kugoma kusikotibika. Belkin ilizima huduma ya kamera zake za NetCam mwaka 2020, na Google ikaacha kuzihudumia kamera za Dropcam tarehe 8 Aprili 2024. Kamera zilikuwa nzima, ila hazikuwa na pa kuzungumza. Kabla ya kununua, uliza kama kamera inakubali ONVIF au RTSP, yaani njia za wazi zinazokuwezesha kuitazama ukiwa nyumbani kwa programu nyingine, kama vile VLC kwa RTSP, hata kampuni ikiondoka. Iwashe njia hiyo uijaribu mapema, kwa nywila yako na si ile ya kiwandani, kwani mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kiliteka kamera na vifaa vya kurekodi kwa wingi kwa kujaribu tu nywila za kiwandani. Kwa sababu hiyohiyo usiifungulie kamera mlango (port) kwenye mipangilio ya ruta, yaani njia ya kuifikia moja kwa moja kutoka intaneti, ili uione ukiwa mbali.

Ukiwa katika haraka ya kutafuta msaada, usiiweke hadharani ile picha ya lebo. Nambari ya uthibitisho usimtajie mtu yeyote anayepiga simu akidai kuwa ni wa huduma kwa wateja. Programu pakua kwenye duka rasmi la simu yako tu, na usikubali kupakua faili inayotumwa na mtu anayeahidi kwamba toleo lake la zamani halina matatizo.