Mtoto wa mbwa ana pavo? Hivi ndo unavyoulinda utumbo wake

Watu wakisikia pavo, ule ugonjwa wa kutapika na kuharisha damu unaoua watoto wa mbwa, wanawaza kirusi tu, kumbe kirusi kinafungua njia na wanaomalizia kazi mara nyingi ni bakteria waliokuwa humo humo tumboni siku zote. Pavo ilijulikana mwaka 1978 na ndani ya kama miaka 2 ilishazunguka dunia nzima, na inachokitafuta ni seli zinazogawanyika haraka, sasa kwa mtoto wa mbwa hizo ziko kwenye utumbo mwembamba na kwenye uboho wa mifupa. Ukuta wa utumbo ukiliwa hivyo hakuna seli mpya za kuziba, E. coli na wenzake wanapenya mpaka kwenye damu, na muda huo huo uboho nao umepigwa kwahiyo seli nyeupe za kupambana nao hazipo. Ndo maana daktari wa mifugo anachoma antibayotiki kwa ugonjwa wa kirusi, hakuibii hela.

Kwahiyo la kwanza ni daktari, leo, sio kesho asubuhi. Amegoma kula, anatapika, anaharisha maji yenye damu na ile harufu ambayo ukishainusa mara moja huisahau, beba uende. Kabla hujatoka fungua mdomo wake, bonyeza ufizi kwa kidole uachie, rangi ya pinki irudi ndani ya sekunde 2. Ikichelewa au ufizi ni mweupe, mwambie daktari ukifika tu maana huyo anahitaji dripu haraka. Bila matibabu wengi sana wanakufa, ila wakiwahi dripu na uangalizi wengi wanapona.

Usimpe dawa za binadamu za kufunga kuhara, zinafungia sumu na bakteria ndani. Panadol usiguse kabisa. Na hii tabia ya kila tumbo likivuruga mtu anakimbilia Flagyl dukani, acha, hiyo dawa hata kwa mbwa mzima inavuruga bakteria wazuri wa utumbo kwa wiki kadhaa, wacha daktari aamue antibayotiki gani na siku ngapi. Wale bakteria wazuri ndo wanaochachusha makapi ya chakula na kutoa asidi zinazolisha seli za utumbo mpana, kuhara kumeshawafagia, wewe usiongezee.

Sasa chakula, na hapa ndo watu wengi wanateleza. Zamani ilikuwa mbwa anayetapika ananyimwa chakula siku 2 au 3, lakini utafiti wa 2003 ulionyesha watoto wa mbwa wenye pavo waliolishwa mapema kwa mpira wa puani walipata nafuu haraka na kuongezeka uzito kuliko waliosubirishwa, sababu utumbo usipopata chakula ukuta wake unazidi kusinyaa. Muulize daktari kuhusu huo mpira. Kutapika kukishadhibitiwa na ukaruhusiwa kumlisha nyumbani, kuku wa kuchemsha bila ngozi na wali uliolainika, kijiko cha chai kimoja kimoja kila baada ya masaa 2 au 3, bila chumvi, na kitunguu hapana kabisa maana ni sumu kwa mbwa. Maziwa pia hapana, utumbo uliochubuka hauwezi kumeng'enya sukari yake, ataharisha upya. Akitapika tena usimlazimishe, piga simu.

Probayotiki za mbwa, yaani bakteria wazuri wa kuongezea tumboni, zinasaidia kiasi, zisichukue nafasi ya dripu. Kuna kitu kingine kinachekesha ila kipo, huko Brazil watoto wa mbwa 66 wenye pavo walifuatiliwa, wengine wakawekewa kwa nyuma kinyesi cha mbwa mzima juu ya matibabu ya kawaida, na walioponea hapo kuhara kuliisha mapema na wakatoka hospitali mapema. Tafadhali usijaribu uani, huyo mbwa wa kutoa kinyesi lazima apimwe kwanza, la sivyo unamwongezea minyoo.

Akirudi mzima bado hujamaliza. Chakula chake cha kawaida kirudishe kidogo kidogo kwa kama wiki nzima, mpe dawa ya minyoo daktari akisema yuko tayari, na kinyesi kikiendelea kuwa laini au kuhara kukirudi rudi miezi inayofuata mrudishe, wapo ambao tumbo linabaki na shida muda mrefu.

Uani kirusi kinaweza kukaa mwaka na zaidi, spiriti na sabuni hazikiui. Toa uchafu wote kwanza, alafu Jik, soma chupa, ya asilimia 5 changanya 1 kwa maji 30, ya asilimia 3 na kitu 1 kwa 20, iache dakika 10 ikiwa bado imelowa. Kwenye udongo haifanyi kazi vizuri, kwahiyo usilete kijibwa kingine hapo mpaka kimemaliza chanjo, yaani kuanzia wiki 6 mpaka 8, kurudia kila wiki 3 au 4 mpaka kifike wiki 16, hata kama aliyekuuzia anakuapia ameshachanjwa mara moja inatosha.