Geini Chini, Mid Juu: Kupata Sauti ya Roki ya Zamani

Vijana wanaokuja kwangu hapa Malindi wakitaka gitaa lao litoe sauti ya AC/DC, ile bendi ya roki, kitu cha kwanza ni kuzungusha geini, nobu ya ampu inayoongeza mkwaruzo, mpaka mwisho. Mimi huirudisha nusu, nao hununa. Zile rekodi za miaka ya 1970 hazina distoshoni, yaani mkwaruzo, nyingi kama tunavyodhani. Ule ukali ulitoka kwenye ampu za valvu, Marshall za wati 100, zilizofunguliwa sauti hadi valvu zenyewe zikakwaruza. Na mkono uliopiga kwelikweli.

Marshall huna, na ungekuwa nayo majirani wa Barani wasingekuvumilia. Ampu ndogo yenye chaneli ya kukwaruza yatosha. Weka geini 5, besi 4, mid (sauti za kati) 7, trebo 6. Piga kodi (chord) ya A, iache ilie. Ukisikia kila uzi kivyake ndani ya mkwaruzo, usiguse kitu. Ukisikia uji, shusha geini tena. Mid ndiyo wengi huiua, maana ukiwa peke yako chumbani gitaa lisilo na mid huonekana nene. Ngoja besi na ngoma ziingie: hulisikii tena.

Pikapu, kile kinasa sauti chini ya nyuzi, iwe hambaka, yaani ya koili mbili, ya karibu na daraja zinapofungwa nyuzi. Seth Lover aliibuni pale Gibson, kampuni ya magitaa, mwaka 1955 kuua mvumo wa umeme, na kwa stima yetu hii namshukuru kila siku. Koili zake mbili huisukuma ampu zaidi.

Nyuzi ziwe namba 10, yaani unene wa ule uzi mwembamba kuliko yote. Hewa ya chumvi huzila upesi, kwa hiyo zipanguse kwa kitambaa kikavu kila umalizapo. Uzi wenye kutu haung'ari tena, hata ufungue trebo yote.

Sasa nobu ya volyumu kwenye gitaa lenyewe, ambayo watu huisahau kabisa. Ubeti upige ikiwa 6, sauti isafike. Kiitikio kikifika, fungua 10. Hapo huhitaji kukanyaga pedali yoyote. Ukiwa nayo ya ovadraivu, ile ya kuongeza mkwaruzo, draivu iwe karibu na sifuri na levo juu, ili iisukume ampu tu. Kwa ampu ya valvu utaisikia tofauti. Kwa ya transista, si sana.

Kwenye hoteli za ufukweni, Waitaliano wakiwa mezani, meneja atakuja kulalamika kabla ya wimbo wa pili. Usishushe volyumu ya ampu kwanza. Igeuze itazame ukuta, maiki iwe kando kidogo ya katikati ya spika, mwenye mitambo apunguze huko kwake.